Meli Iliyojaa Wajomba

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimeshtuka hadi nikamwaga chai. Padre Lukelo, paroko wetu, kijana mwenye haraka kama ya bodaboda, amekuja asubuhi na habari anazoziita njema. Kuna mama wa Kitaliano, Loredana, anafika Ifakara Ijumaa. Marehemu baba yake ndiye yule fundi mkuu wa kambi ya ujenzi kule Kidatu, aliyekuwa akituazima filamu miaka ya sabini. Mama huyo ameikuta ile ya maharamia kwenye stoo ya baba yake. Ameisafishisha, anatuletea. Itaonyeshwa Jumamosi jioni katika ukumbi wa parokia. Na mfasiri, alisema Padre huku akinipigapiga begani, atakuwa yule yule wa zamani.

Yule yule wa zamani ni mimi.

Nitaandika hapa kwa sababu daktari amesema moyo umechoka, niweke mambo yangu sawa. Nina miaka themanini na mmoja. Natembea kwa fimbo hadi chooni na kurudi, na kurudi ndiyo safari. Basi niyaweke sawa. Sijui Kitaliano. Sijawahi kukijua.

Seminarini nilisoma Kilatini. Upadre ukanishinda, nikawa mwalimu, Kilatini kikabaki. Filamu za fundi zilipoanza kuja hazikuwa na tafsiri yoyote, na siku zile hapa bondeni hakuna aliyekwenda kutazama filamu. Watu walikwenda kuisikia. Mfasiri alikaa kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, akawasemea wote, wanaume, wanawake, hata farasi. Mkuu wa misheni aliuliza nani anajua Kitaliano. Nikafikiri: Kitaliano ni mtoto wa Kilatini, na mtoto hufanana na mama. Nikanyosha mkono.

Hakufanana naye hata kidogo.

Nikatunga. Filamu zote. Mashujaa wenye vifua kama vya fahali wanaoangusha nguzo za mahekalu. Wapanda farasi wasiooga. Lakini iliyopendwa ni ya maharamia. Kapteni mwenye ndevu anavamia ngome na kumchukua msichana. Kwa nini? Sikuambulia neno. Nikasema msichana ni dada yake wa tumbo moja, ameozwa kwa gavana bila wajomba kuitwa. Na wale maharamia wote, pamoja na yule wa jicho moja, ni wajomba. Ukumbi ulielewa papo hapo. Hadi leo mtu akioza binti kimyakimya, awe wa kijiji cha Mkula au cha Masagati, lazima mzee fulani atasimama na kusema: harusi bila mjomba ni utekaji. Wanadhani ni maneno ya wahenga. Mhenga ni mimi.

Hayo yote ningekufa nayo vizuri tu. Tatizo ni Scolastica. Tulimposa wawili: mimi, na Fridolin aliyeendesha jenereta na mashine ya filamu. Baba yake, mzee mkali wa Masagati, alisema binti yake haendi kwa mtu anayenuka dizeli wakati yupo anayezungumza lugha ya Roma, anakokaa Baba Mtakatifu. Nikapewa mke kwa Kitaliano. Akijua leo, nikiwa mguu mmoja kaburini, atanizika kama anamzika mpangaji.

Scolastica anapiga pasi suti yangu. Anaimba.

Jumanne, 8 Julai

Mpango wa kwanza: kujifunza Kitaliano kabla ya Jumamosi. Hautishi. Kilatini kilinichukua miaka sita tu.

Nimepanda bajaji hadi banda la video la Evod, jirani na mashine za kukoboa mpunga. Evod ameniamkia vizuri, shikamoo babu, akawafukuza vijana kwenye benchi la mbele wampishe gwiji. Nimesema nataka filamu ya Kitaliano. Akasema anayo mpya, kali. Nilitegemea meli.

Hapakuwa na meli. Palikuwa na mwanamke anaoga. Palikuwa na mtu wa glavu nyeusi na wembe. Palikuwa na mwanasesere aliyefumbua macho bila kuguswa na mtu, na wimbo wa watoto wachanga ukiimbwa wakati damu inashuka ngazi. Nani amewafanya nini hawa Wataliano? Wa enzi zetu walichomana panga kwa adabu. Mtu alishika tumbo, akasema maneno mawili, akaanguka baharini, kwaheri. Huyu wa leo anakatwa vipande na kamera inasogea ione vizuri. Nimefumba macho. Moyo uliochoka umekimbia kama wa ujanani, na sikuutuma.

Lakini kilichonishtua kuliko wembe ni Evod mwenyewe. Naye anafasiri. Ameshika kipaza sauti, anasema muuaji ni mpangaji wa Mlimba aliyekatiwa umeme, na mwanamke bafuni ni mwenye nyumba. Mwanamke akaongea kwa urefu wa Baba Yetu nzima. Evod akafasiri: "Oya, funga mlango." Anatunga! Mchana kweupe. Nimemwita kando nikamwonya kwamba kufasiri ni amana, na watu wanaweka masikio yao mikononi mwako. Amecheka mpaka akaegemea nguzo. Amesema babu, usinivunje mbavu, sisi sote tumepita njia uliyofyeka wewe. Nikamtaka aeleze maana yake. Akasema hamna maana babu, kunywa soda.

Sikukipenda kicheko kile.

Kitaliano nilichopata leo: neno moja. Ama ni "wembe", ama ni "maji yamekwisha".

Jumatano, 9 Julai

Mpango wa pili ni mwepesi zaidi. Kufa. Si kufa kabisa, kuelekea tu, mpaka Jumapili.

Asubuhi nimekataa chai. Nimegeukia ukutani. Nimemwambia Scolastica kwa sauti ya chini kwamba naona mwanga. Ameuliza mwanga gani, si nimefungua dirisha? Nikamwambia mwingine.

Sikuwafikiria majirani wa jumuiya yetu ya kanisa. Saa nne akina mama walishajaa sebuleni na rozari. Wamekubaliana mgonjwa wa moyo asile kitu kigumu, asile chumvi, asile sukari. Nimenyweshwa uji unaofanana na maji yaliyooshea sufuria. Jikoni kulikuwa na perege wa kukaanga. Waliliwa na waliokuja kuniombea.

Shilinde, jirani yetu Msukuma, ameleta maziwa mgando. Amenitazama kwa muda mrefu jinsi anavyomtazama ng'ombe aliyelala asiyetaka kuinuka. Akasema mwalimu, ungekuwa wangu ningeshaamua.

Kisha Fridolin. Ana miaka themanini na bado anaendesha baiskeli, jambo ambalo naliona ni la makusudi. Amekaa kitandani pangu bila kukaribishwa. Amesema pole Mwalimu Mtaliano. Amepima mlango kwa macho, akasema ni mwembamba, itabidi nitolewe kiubavu. Nimevumilia. Halafu akamgeukia Scolastica na kumwambia asihangaike na Jumamosi. Atafasiri yeye. Filamu ile anaijua yote kichwani, maneno ya Kapteni, ya gavana, ya wajomba, mpaka ya kasuku. Scolastica akasema asante sana Mzee Fridolin, wewe moyo wako ulikuwa mzuri tangu zamani.

Tangu zamani! Niliketi wima kitandani. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikakumbuka, nikajilaza.

Maneno yangu, kinywani mwa Fridolin, mbele ya mke wangu. Afadhali wembe.

Alhamisi, 10 Julai

Padre Lukelo amekuja na mafuta ya wagonjwa. Sikulitegemea hili, ingawa mtu anayekufa kwa siku mbili katika nyumba ya Kikatoliki angepaswa kulitegemea. Amewatoa watu wote chumbani, akavaa stola shingoni, akaniuliza kama nina la kuungama.

Naogopa kumdanganya Mungu. Nikayatoa yote. Kitaliano, Kapteni, wajomba, baba mkwe. Nikamaliza. Nilipomtazama Padre alikuwa ameduwaa. Hatimaye aliuliza kwa unyonge, na ule msemo wa harusi bila mjomba? Nikamwambia ni wangu, niliutunga filamu ilipokatika na Fridolin alikuwa anaiunga. Akashika paji la uso. Amesema aliutumia kwenye mahubiri ya misa yake ya kwanza. Mbele ya askofu. Alisema ni hekima ya bibi zetu.

Hawezi kumwambia yeyote, hilo ndilo zuri la kitubio. Lakini ameninyima usingizi kwa malipizi aliyonipa: nimwambie mke wangu ukweli wote, kwa kinywa changu, kabla ya Jumamosi. Nimemwambia ni mengi mno kwa mgonjwa. Akasema mgonjwa gani, Mwalimu, nimeona miba ya samaki chini ya mto wako.

Nimetafakari mchana kutwa. Padre alisema nimwambie ukweli. Alisema wote. Alisema kwa kinywa changu. Hakusema kwa lugha gani.

Jioni nimemwita Scolastica, nikamshika mkono, nikamwambia kwa Kilatini safi, taratibu, bila kuruka neno: sijui lugha ya Kitaliano, sikuijua kamwe, nilimdanganya baba yako. Amepiga magoti kando ya kitanda. Amesema amina. Nikaongeza la gavana. Amesema amina tena. Alipoinuka alifuta machozi, akasema Kitaliano changu kimezidi kuwa kitamu kwa ugonjwa.

Dhamiri yangu ni nyeupe. Nitalala vizuri.

Ijumaa, 11 Julai

Mama Loredana amefika. Mwanamke wa miaka kama sitini, nywele nyeupe, vumbi la Mkula bado liko kwenye kope zake. Ameambiwa mfasiri wa baba yake yuko kitandani, akasema apelekwe kwanza kwangu kabla hata ya kuoga. Scolastica ameweka viti. Ameita na jumuiya, waje wasikie.

Mgeni akainama, akanishika mikono miwili, akasema maneno mengi ya Kitaliano. Mwisho wake palikuwa na swali. Chumba kizima kikanigeukia.

Nikafumba macho nikatafuta Kilatini ambacho hakuna mama wa jumuiya atakayekumbuka kukisikia kanisani. Nikapata sentensi ya darasa la kwanza la seminari. Nikamjibu kwamba mkulima mwema anaona farasi mkubwa.

Akanitazama. Nikamtazama. Nilisikia kuku nje.

Kisha akatabasamu, akamgeukia Scolastica na kumwambia kwa Kiswahili, tena Kiswahili cha Kidatu kabisa, cha yaya aliyemlea: mama, mzee wako ana lugha ya zamani sana, siku hizi hata kwetu haizungumzwi. Akaniamkia shikamoo.

Anajua Kiswahili. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba anajua Kiswahili. Jasho limenitoka mpaka kwenye nyayo.

Lakini baadaye, alipokwishaondoka, nikayatazama mambo upya. Amesema lugha yangu ni ya zamani. Hakusema si yenyewe. Na yeye ni mwenyewe, anajua. Huenda miaka yote nimejidharau bure. Huenda mtoto amefanana na mama, ila mimi ndiye sikumtazama vizuri.

Nimeinuka kitandani. Nimekula wali na perege wawili. Jumuiya wanasema ni muujiza. Padre amepita, ameniona na sahani, akaenda zake.

Kesho nitafasiri mimi. Fridolin na abaki na baiskeli yake.

Jumapili, 13 Julai

Naandika peke yangu. Nyumba nzima imenyamaza.

Jana ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazee walikuja na wajukuu. Scolastica alikaa mbele, karibu na mgeni, kitenge kipya. Mashine ya siku hizi ni kidude kidogo mezani, hakihitaji jenereta wala Fridolin. Alikaa nyuma na mikono yake mapajani.

Nikashika kipaza sauti. Sauti ilirudi yote. Kapteni aliposimama juu ya mlingoti, ukumbi mzima ulisema pamoja nami: wajomba, pandeni! Mama Loredana alikunja uso mwanzoni. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani anamlilia baba yake.

Mambo yaliharibika mwishoni. Kapteni na msichana wako juu ya meli, bahari imetulia, vichwa vinakaribiana. Zamani mkuu wa misheni alikuwa amempa Fridolin amri: vichwa vikikaribiana kuliko upana wa kitabu cha nyimbo, aweke kiganja kwenye lenzi. Shuka liliingia giza. Vinanda vililia. Mimi nilisema gizani kwamba kaka na dada wanamwombea marehemu mama yao, kisha filamu ikaisha. Sikuwahi kujua kuna nini nyuma ya kiganja cha Fridolin.

Jana hapakuwa na kiganja. Kinywa changu kilishaanza: dada yangu, tumwombee mama. Nao wakabusiana. Kwa muda mrefu. Kwa mikono.

Dada yake wa tumbo moja.

Mama mmoja alimfunika mjukuu kwa kitenge. Mzee mmoja wa Mkula alinyanyuka akasema amelea watoto wanane kwa filamu hii. Shilinde alisimama na kofia yake, akauliza kwa uchungu wa kweli, wajomba wako wapi? Wajomba walikuwa nyuma yao, wanapiga makofi. Mimi nilishtuka kuliko wote. Nilisema sikujua, na nililisema kwenye kipaza sauti.

Fridolin akapaza sauti kutoka nyuma: aulizwe mwenye filamu, huyu ni dada au si dada? Maskini Mama Loredana akasimama. Akasema si dada, ni mchumba wake tangu mwanzo. Akasita. Akasema na wale si wajomba, ni wezi.

Hapo ukumbi ulichafuka, lakini ulimchafukia yeye. Wakamwambia filamu haijui. Shilinde alimwambia kwa upole, mama, wakati ule ulikuwa mtoto, hukuelewa. Mzee wa Mkula akasema Wataliano wa siku hizi wamebadilisha mwisho. Nikaanza kupumua. Nikaona nimepona.

Scolastica akainuka, akaja mbele, akachukua kipaza sauti mkononi mwangu. Hakuwa na hasira. Aliuliza tu: Baba Natalia, "dada" kwa Kitaliano ni nini?

Nikasema soror. Ni Kilatini. Mama Loredana akatazama sakafu.

Scolastica aliliona jicho lile. Akaweka kipaza sauti mezani taratibu, akachukua mkoba wake, akamshika binti yetu Natalia mkono, wakatoka. Hakurudi nyumbani. Suti yangu bado nimeivaa. Sijui vinafunguliwaje vifungo vya mgongoni vya fulana ya ndani.

Jumatatu, 14 Julai

Amerudi saa tatu. Alikuta nimekula mkate mkavu. Alinifungua vifungo kwanza, kisha akaketi mbali.

Nilijitetea. Nilimwambia nilimwambia ukweli wote tangu Alhamisi, na yeye akasema amina. Akauliza nilisema nini hasa. Nikamfasiria. Hiyo ndiyo tafsiri sahihi ya kwanza niliyowahi kufanya, na haikunisaidia. Akasema kumbe nilipiga magoti.

Kisha akasema jambo ambalo bado linanipiga kifuani. Kwamba mwaka ule, kama baba yake angemuuliza, angesema Fridolin. Kwamba Fridolin alikuwa anamchekesha. Nikauliza na dizeli je? Akasema dizeli inatoka kwa sabuni.

Nikalia. Nimelia kweli, si kwa mpango. Nikamwambia kama anakwenda, aende, lakini anisubiri nife, haitachukua muda.

Akasema haendi popote. Ana miaka sabini na minne. Amejigamba Kidatu, amejigamba kwa dada zake wote Masagati, amewaambia shemeji zake kwamba mumewe anajua lugha ya Roma. Hana miguu ya kuwapitia mmoja mmoja akafute. Kama maneno hayafutiki, basi mimi ndiye nitabadilishwa. Amekwisha kwenda kwa Mama Loredana. Mgeni anaondoka Jumapili. Mpaka siku hiyo atakuja kila alasiri kunifundisha Kitaliano. Cha kweli. Na kila jioni nitamfundisha Scolastica nilichojifunza, naye akijue, ili asipigishwe tena magoti na mtu.

Nimeapa. Nimeshika msalaba wa ukutani. Uso wa mwanamke yule ulilainika kidogo, na mimi nimeona jinsi nilivyokuwa karibu kupoteza kila kitu. Sitarudia. Mtu wa miaka themanini na mmoja akijua amejua.

Alhamisi, 17 Julai

Masomo yanakwenda vizuri. Mama Loredana ni mwalimu mwema, ila sauti yake inabembeleza. Jumanne nilisinzia kwenye salamu. Jana nilisinzia kwenye namba. Leo nilijitahidi, tukafika kwenye vitenzi, nikamuuliza kuhusu filamu za Kitaliano za kutisha, akanisimulia moja yenye jumba la wachawi hadi muda ukaisha. Ni somo pia.

Jioni Scolastica huja na kigoda chake na ungo wa mchele. Huuliza: leo umefunzwa nini? Anauliza kwa macho ambayo siwezi kuyaambia nilisinzia. Basi namfundisha. Nampa maneno mazuri, marefu, yenye mlio wa vinanda mwishoni. Yeye hushika upesi, kuliko mwanafunzi yeyote niliyewahi kumfundisha. Amewafundisha na jumuiya.

Kumbe wameandaa jambo. Jumapili baada ya misa, mbele ya parokia nzima, akina mama watamuaga Mama Loredana kwa hotuba ya Kitaliano. Scolastica ndiye msemaji. Padre Lukelo ameafiki, amekodi na spika. Hotuba nimeitoa mimi, kipande kwa kipande, tangu Jumanne. Inaanza kwa kumshukuru mgeni, nadhani.

Sasa hivi yuko uani anaifanyia mazoezi, anapepeta mchele na kuisema kwa sauti. Uso wake unang'aa kama siku ile alipoletwa kutoka Masagati. Amekosea neno moja katikati.

Nimemsahihisha matamshi.